Nani Abebe Mzigo wa Usalama Kazini Kusini mwa Maniema

Kanuni ya zamani kabisa ya usalama kazini ninayoifahamu kusini mwa Maniema, jimbo la mashariki mwa Kongo, haikutoka Kinshasa wala Brussels. Ilikuwa ya sokoni: bunduki haiingii soko la Nyangwe. Mwaka 1871 David Livingstone alikaa miezi kadhaa katika mji huo wa ukingoni mwa Lualaba akihangaikia mitumbwi ya kumvusha, na siku za soko alipenda kwenda kutazama tu. Wanawake walijaa, wengi wao wakitoka ng'ambo ya mto, na vikapu vya samaki, chumvi, mafuta ya mawese, vyungu na kuku. Tarehe 15 Julai aliwaona watu watatu wa misafara ya pwani wameingia na bunduki mkononi, akashangaa, maana haikuwa desturi. Haukupita muda, ukazuka ubishi juu ya kuku, kisha risasi. Waliouawa kwa risasi na waliozama mtoni walikadiriwa kuwa kati ya 330 na 400.

Kanuni ile haikuwa na karatasi, ada wala ofisi. Waliilinda wauzaji wenyewe, kwa sababu soko likivunjika wao ndio waliolala njaa, nayo ilitosha mpaka siku alipofika mtu mwenye nguvu ya kuipuuza. Miaka 145 baadaye, siku ile ile ya 15 Julai, mwaka 2016, Kinshasa ilitoa sheria mbili zinazomhusu kila mwenye kuajiri mtu: Na. 16/009 ya hifadhi ya jamii, na Na. 16/010 iliyorekebisha Sheria ya Kazi ya mwaka 2002. Kulingana kwa tarehe ni bahati ya kalenda tu. Hata hivyo mtu anayefanya biashara leo kati ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare anaishi katikati ya kanuni za namna hizo mbili, na akilalamika kwamba usalama kazini ni mzigo, inafaa tumuulize mzigo upi.

Ingia kwenye nyumba ya mashine ya mpunga pale Kasongo wakati wa mavuno. Pua ndiyo inayotangulia: mazutu na pumba ya moto. Injini imefungwa kwa boloti kwenye zege, bomba la moshi limepitishwa ukutani, na kati ya injini na kinu unazunguka mkanda wa mpira mrefu kuliko mtu, hauna kizuizi chochote. Kijana anayemimina mpunga amevaa shati lililompwaya. Kila akiinama kuinua debe, kiwiko chake kinapita kiganja kimoja tu kutoka kwenye mkanda. Vumbi limempaka mvi kwenye nyusi. Kitambaa cha kufunga mdomo anacho, kiko shingoni. Hatua tatu kutoka gurudumuni mama mmoja anasubiri zamu yake, mtoto mgongoni, mkono juu ya gunia lisije likachanganywa na la jirani.

Kisha anaingia mgeni. Ana mkoba, na ndani ya mkoba karatasi ya misheni yenye mihuri mitatu. Anasalimia vizuri, anapewa kiti, anauliza majalada: barua ya kutangaza kwamba sehemu hii ya kazi imefunguliwa, daftari la wafanyakazi, risiti za michango, karatasi ya ofisi ya mazingira. Akikosa moja anafungua kitabu cha faini, na mwenye mashine, anayejua jinsi mambo yanavyokwenda, anamuita pembeni. Mji mzima unayajua majina ya kinachotokea pale pembeni: matabishi, au kwa Kilingala kilichoshuka na mto, madesu ya bana, maharage ya watoto. Wenyewe wafanyabiashara huziita ziara zote hizi kwa jina moja la Kifaransa kilichoswahilishwa: trakaseri. Mkanda unazunguka nyuma ya mgeni muda wote.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuchanganyika. Mwenye mashine akisema "usalama kazini unanimaliza," katika kinywa chake maneno hayo yana mambo matatu yaliyofungwa furushi moja: kifaa, karatasi na mgeni. Kifaa ni kizuizi cha mkanda. Seremala yeyote wa Kasongo anaweza kukitengeneza mchana mmoja kwa mbao chakavu, misumari na bawaba mbili za kufungulia wakati wa kupaka grisi. Karatasi ni safari, mihuri, fotokopi na siku za kusubiri. Mgeni ni mgeni. Katika hayo matatu, linalookoa mkono wa kijana ni la kwanza, nalo ndilo la bei ndogo kuliko yote, na ndilo hasa ambalo hakuna anayelidai.

Tazama pia viwango vyenyewe. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, CNSS, ni asilimia 18 ya mshahara. Mfanyakazi anatoa 5 na mwajiri 13. Ndani ya zile 13, asilimia 5 ni za uzeeni na 6.5 ni za posho za familia. Ajali na magonjwa ya kazi yanachukua 1.5. Kwa mtu anayelipwa dola 100 kwa mwezi, hiyo ni dola moja na nusu, bei ya sahani chache za wali na maharage. Juu yake kuna mchango wa taasisi ya mafunzo, INPP, uliopangwa kwa namna ambayo sijapata mtu wa kunieleza ikaniingia: mwenye wafanyakazi wasiozidi 50 anatoa asilimia 3, mwenye kati ya 51 na 300 anatoa 2, mwenye zaidi ya 300 anatoa 1. Mdogo anabeba mara tatu ya mkubwa. Anayetaka kuwapunguzia mzigo wafanyabiashara wa Kasongo anaweza kuanzia hapo, bila kugusa kizuizi cha mkanda hata kimoja.

Sharti zito kweli katika sheria ni jingine, na wenye kutoka nchi nyingine huliona la ajabu: mwajiri wa Kongo anawajibika kumtibu mfanyakazi wake akiugua, pamoja na mke au mume na watoto. Malaria ya mtoto wa kijana wa mashine, kisheria, iko juu ya tajiri wa mashine. Kulielewa sharti hili inabidi urudi kwenye zama za makampuni. Symétain ilichimba bati Kalima, Cobelmin ikachimba Kampene, na reli ya CFL iliunganisha Kindu na Kongolo mwanzoni mwa karne ya 20. Makampuni ya namna hiyo yalikuwa serikali ndani ya serikali: kambi ni yao, hospitali yao, shule yao, duka lao. Mwaka 1976 migodi ya Kivu na Maniema iliunganishwa kuwa Sominki, na hadi Sominki ilipokufa katikati ya vita vya miaka ya 1990, kuiambia kampuni imtibu mtoto wa mfanyakazi lilikuwa jambo la kawaida, maana daktari alikuwa wake tayari. Makampuni yamekwenda, sheria imebaki. Imeshonwa kwa kipimo cha Sominki, akapewa mwenye mashine ya mpunga aivae.

Hata utaratibu wa viwanda vya hatari una mfano huo. Kwa miaka mingi ulisimama juu ya amri ya mkoloni ya 12 Februari 1953 kuhusu shughuli za hatari, uchafu na kero, mpaka ikaja amri ya Mei 2013. Ndani ya utaratibu wa namna hii kinu cha mpunga, tanuri la mikate na bohari la mafuta vyote vinaombewa kibali. Sina ugomvi na hilo. Bohari la mafuta katikati ya nyumba za makuti ni hatari kweli. Nina ugomvi na umbali. Kutoka Kasongo hadi Kindu, ambako ndiko makao makuu ya jimbo, ni zaidi ya kilomita 200, na aliyezipita wakati wa mvua anajua kwamba kilomita si kipimo cha safari ile. Kibali kinachogharimu siku tano za barabara na pikipiki mbili zilizozama topeni si bei moja na kibali hicho hicho kwa mtu wa Kinshasa anayevuka barabara. Sheria ni moja, lakini gharama yake inapanda kwa kila daraja lililovunjika.

Kabambare kuna hadithi nyingine, ya aliyekuwa na uwezo wa kuivaa suti ile ya kipimo cha Sominki. Namoya, karibu na Salamabila, ilikuwa na dhahabu tangu enzi za Wabelgiji, na Januari 2016 kampuni ya Kanada ya Banro ilitangaza kwamba mgodi wake wa pale umeanza uzalishaji wa kibiashara. Mgodi wa viwanda unaotumia sianidi kutoa dhahabu katika mawe hauwezi kufanya kazi bila kofia, buti, mabango, mafunzo ya kila asubuhi na zahanati. Mashirika yanayokopesha fedha yanataka kuyaona, na bima pia. Kwa mgodi wa aina hiyo kanuni za usalama ni mstari mmoja tu katika kitabu cha gharama. Kilichoiumiza Namoya hakimo katika Sheria ya Kazi. Machi 2017 wafanyakazi 5 walitekwa na watu wenye silaha, miongoni mwao Mfaransa mmoja na Mtanzania mmoja, wakaachiwa baada ya wiki nyingi. Mwaka 2019 kampuni ilisimamisha kazi ikisema hali ya usalama imeizidi nguvu. Kwa nchi ambayo hatari kubwa ya kazini ni kutekwa njiani kwenda kazini, majadiliano ya urefu wa ngazi na rangi ya kofia yanaweza kuonekana anasa. Lakini mgodi uliofungwa hauwatoi watu kwenye dhahabu. Ukifungwa, ajira zile chache zilizokuwa na jina kwenye orodha ya CNSS zinapotea, na vijana wanarudi mashimoni, ambako hakuna orodha.

Mashimoni ndiko suala zima linapogeuka. Shimo la dhahabu lina mwenyewe, anaitwa pedeje, kwa herufi za Kifaransa za mkurugenzi mkuu, cheo kilichopewa kwa utani kikakaa. Pedeje anatoa chakula, tochi, kamba, magogo ya kushikilia kuta, mazutu ya mashine ya kuvutia maji. Vijana wanatoa mgongo. Mawe yakitoka, kwanza zinarudishwa gharama, kisha yanagawanywa. Hakuna mshahara, na mahali pasipo na mshahara wala amri ya mwajiri, mkataba wa kazi haupo, na pasipo na mkataba wa kazi sheria ya 2002 inasimama mlangoni. Muulize pedeje kuhusu wajibu wake kama mwajiri, atakujibu bila hila kwamba yeye si mwajiri wa mtu: wanagawana. Kijana naye hatapinga. Anaona heshima katika kugawana kuliko katika kulipwa.

Si kwamba wametupwa nje ya sheria zote. Sheria ya Madini ya Julai 2002 na marekebisho yake ya 9 Machi 2018 zinamtambua mchimbaji mdogo, mwenye kadi, ndani ya koperative, katika eneo lililotengwa. Kanuni zake zinakataza watoto, zinakataza wajawazito, na zinasema shimo lisizidi mita 30. Serikali ina idara yake ya kuwasaidia na kuwafundisha: ilianza mwaka 2003 kwa jina la SAESSCAM, na tangu 2017 inaitwa SAEMAPE. Kwa karatasi, basi, mchimbaji ana ulinzi. Lakini ile mita ya 30 ina ubishi wake. Dhahabu haijui namba hiyo. Mshipa ukiwa mita ya 28 na unaelekea chini, kundi zima limeshakula deni la pedeje la miezi miwili, hakuna atakayesema tupande tuondoke. Wanaendelea, na kwa kuwa sasa wako nje ya kanuni, hawana tena sababu ya kumwita mkaguzi aangalie magogo. Kanuni iliyowekwa kumlinda ndiyo inayomfundisha kujificha.

Matokeo yanajulikana. Oktoba 2019 ardhi iliporomoka katika mgodi wa dhahabu karibu na Kampene, upande wa Pangi, ikaua zaidi ya watu 10. Septemba 2020, Kamituga, ng'ambo ya mpaka wa Kivu Kusini, mvua iliingia mashimoni wakafa watu wapatao 50. Hayo ndiyo yaliyofika redioni. Yasiyofika ni ya polepole: wamama wanaotwanga mawe kwa chuma ndani ya chungu cha chuma, vumbi la jiwe likiingia pumzi kwa pumzi, na mnunuzi anayechoma zebaki juu ya jiko la makaa chumbani anamolala na watoto, dirisha limefungwa ili wezi wasione. Shirika la Kazi Duniani linakadiria kwamba kazi inaua watu milioni 2.93 kwa mwaka, na walio wengi mno kati yao wanauawa na magonjwa, siyo ajali. Vumbi la kinu na mvuke wa zebaki vimo humo, na hakuna gazeti litakaloandika kifo cha mama aliyekohoa miaka saba.

Sasa, wapo wanaosema dawa ni kuwasamehe wadogo. Mwenye wafanyakazi chini ya watano asiulizwe kitu. Naelewa wanakotoka, na kwa upande wa karatasi niko nao. Kwa upande wa kifaa siko nao, kwa sababu rahisi: katika jimbo ambalo kampuni kubwa zinahesabika kwa vidole, kumsamehe mdogo ni kumsamehe kila mtu. Mkanda hauzunguki polepole kwa kuwa mwenyewe ana kijana mmoja tu.

Tanzania ilijaribu njia ya kutenganisha hayo mawili. Sheria yake ya usalama na afya kazini, Na. 5 ya 2003, ilikuwa ikilalamikiwa kwa maneno yale yale ya Kasongo: wakaguzi wengi, ada nyingi. Mwaka 2018 serikali ilipitisha mpango wa kuboresha mazingira ya biashara, na wakala wa OSHA ukafuta ada kadhaa, ikiwamo ya kusajili mahali pa kazi. Mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, ambao sekta binafsi ililipa asilimia 1 tangu mfuko ulipoanza mwaka 2015, ukashushwa hadi 0.6 mwaka 2021 na 0.5 mwaka 2022. Wajibu ukabaki, mlango ukawa bure. Ni hatua ya maana, ila imesimama juu ya kitu ambacho Maniema haina: ofisi inayofikika na posho ya mkaguzi inayolipwa na serikali kwa wakati. Mkaguzi asiye na mafuta ya pikipiki huchukua mafuta kwa anayekaguliwa. Ukimfutia ada bila kumpa mafuta, umebadilisha jina la malipo tu.

Waingereza nao wana kisa cha kufundishia hapa, na kina kejeli yake. Mwaka 1966 lundo la taka za mgodi wa makaa liliteremka juu ya kijiji cha Aberfan, Wales, likafunika shule. Walikufa 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Aliyekuwa mkuu wa bodi ya makaa ya taifa wakati huo, Lord Robens, ndiye aliyepewa baadaye kuongoza kamati ya kutengeneza upya sheria za usalama. Ripoti yake ya 1972 ilisema kasoro ya kwanza ni wingi wa sheria: zimeshonwa kiraka juu ya kiraka mpaka mtu kazini anadhani usalama ni shughuli ya serikali. Wanaotengeneza hatari na wanaofanya kazi ndani yake ndio wabebe wajibu, wakisaidiwa na ukaguzi mmoja wenye akili. Sheria ya 1974 ikatokana nayo. Mtu anaweza kununa akimfikiria aliyeiandika, lakini hoja yenyewe wanawake wa soko la Nyangwe wangeielewa bila mkalimani.

Kuna pia kanuni zinazotoka mbali zaidi, kwa watu ambao hawajawahi kuiona Lualaba. Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya kutaka kampuni zake zieleze yatokako madini yao, ili fedha zisiwafikie wenye silaha. Septemba mwaka huo Rais Joseph Kabila alifunga uchimbaji wote katika Kivu mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Maniema iliingizwa katika furushi lile wakati sehemu zake nyingi hazikuwa na mwenye silaha wa kumnyima fedha. Kuanzia 2012 ukaja utaratibu wa kupaka migodi rangi, kijani, njano na nyekundu, na watoto au wajawazito wakikutwa kazini mgodi unaweza kupakwa nyekundu. Kwa upande wa bati na koltani ukaja mfumo wa vitambulisho vya mifuko. Nia ni njema, na ni kweli kwamba ni miongoni mwa mara chache mtu amefika mgodini kuangalia nani anafanya kazi. Lakini gharama ya kitambulisho, ya ujumbe, ya mkaguzi wa ng'ambo, huteremka ngazi kwa ngazi: mnunuzi wa dunia hapunguzi faida yake, msafirishaji hapunguzi, mnunuzi wa mji anapunguza bei, na anayebaki hana wa kumteremshia ni aliye chini shimoni. Analipia usafi wa jina la kampuni inayotengeneza simu ya mtu mwingine, naye hana buti.

Turudi basi kwenye hesabu ya nani analipa kanuni isipokuwapo. Wakongomani wana utani wa tangu miaka ya 1960, Kifungu cha 15 cha katiba: jitafutie. Kijana akikatika mkono kwenye mkanda, Kifungu cha 15 ndicho kinachotumika. Tajiri, akiwa mtu mwema, anatoa fedha ya kwanza ya hospitali, na wengi ni watu wema. Anafunga mashine siku mbili, anakaa na familia. Kisha mchango unaanza: wajomba, msikiti au parokia, wenzake wa mpira. Akifa, pedeje ananunua sanda au jeneza, mfuko wa mchele na mafuta ya kilio, na hilo ni deni la heshima ambalo hakuna sheria iliyoliandika na hakuna pedeje anayelikwepa akabaki na wachimbaji. Ukiyajumlisha haya unapata mfumo kamili wa fidia, wenye kiwango chake, mashahidi wake na adhabu yake. Kasoro yake ni kwamba unalipa baada ya msiba, na unalipwa na wasio na kitu. Na msiba ukipita, mkono uliokatika hauna mlipaji tena. Kijana anauza vocha za simu kwa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo sidhani swali la jimbo hili ni kanuni ziwe nyingi au chache. Ni nani azibebe. Na hapa Kasongo ina historia yake ambayo wenyeji wenyewe huisahau. Mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilianzisha pale Mradi wa Kasongo. Wazo lilikuwa la kawaida ukilisikia leo: badala ya hospitali ya kampuni kwa watu wa kampuni na ya misheni kwa watu wa misheni, eneo zima ligawanywe, kila kituo cha afya kiwe na watu wake wanaojulikana, na hospitali moja iwe juu ya vituo hivyo. Mwaka 1981 timu ya mradi ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti wa chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo, ukasomwa na kubishaniwa dunia nzima. Uzoefu wa aina hiyo ulisaidia kuijenga Zaire ya miaka ya 1980, ilipokatwa kanda za afya 306. Tangu hapo mtoto wa Kasongo hakuulizwa baba yake anafanya kazi wapi ili apewe chanjo. Aliulizwa anakaa wapi.

Usalama kazini umeachwa nyuma na mabadiliko hayo. Bado unauliza mwajiri wako ni nani, katika mji ambao walio wengi hawana mwajiri. Muuguzi wa kituo cha afya, ambaye ndiye anayeshona vidole vilivyopita kwenye kinu na anayejua shimo lipi limeleta majeruhi watatu mwezi huu, hamo katika mfumo. Daftari lake lina ramani ya hatari za kazi za eneo zima, na hakuna ofisi ya kazi inayoliomba. Kama mwenye mashine angelipa mchango mmoja mdogo, kwa msimu wa mavuno badala ya kila mwezi, kwenye kanda yake ya afya, na kwa mchango huo kijana wake akatibiwa na muuguzi akapata haki ya kuja kuangalia mkanda, mambo mawili ya sheria yangetimizwa hapo hapo Kasongo bila safari ya Kindu. Bwamanda, kaskazini-magharibi ya nchi, ilianzisha mwaka 1986 bima ya hospitali ambayo watu walilipa mara moja kwa mwaka. Walikuwa wakulima, nao walilipa.

Pingamizi zipo na ni nzito. Kapu la fedha la pamoja linaloonekana huvutia mikono. Muuguzi akigeuzwa mkaguzi anaweza kugeuka mgeni mwenye mkoba. Pedeje atauliza kwa nini alipe kwa ajili ya watu ambao kesho watahamia shimo la mwingine, na hilo ni swali la haki. Jibu pekee ni kwamba wa mwingine nao watahamia kwake. CNSS haitapenda kuona asilimia yake 1.5 ikikaa Kasongo. Na kusini mwa Kabambare, kila mwenye silaha akijitoza ushuru wake njiani, kapu lolote litakuwa kapu la nne au la tano kudaiwa kwa shimo lile lile.

Wakati hayo yakisubiri mtu wa kuyaamua, mashine ya mpunga imezimwa kwa sala ya alasiri. Kijana amekaa juu ya gunia, anafuta nyusi. Seremala wa jirani, aliyekuja kuchukua mchele wake, anautazama mkanda uliosimama, anaupima kwa shubiri kutoka gurudumu hadi gurudumu, tisa na nusu, na anamuuliza mwenye mashine kama zile mbao za kitanda kilichovunjika bado ziko nyuma ya nyumba.